Chanzo: Kashindye

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mwalimu wetu wa anthropolojia alituagiza twende uwandani na madaftari mawili: moja la utafiti, la pili la kumwagia hasira, njaa na uvivu wetu, visije vikachafua lile la kwanza. Hili ni la pili. La kwanza nimelivalisha karatasi ya kaki kama mtoto wa darasa la tatu.

Agizo jingine: kijiji kisitajwe jina, ili watu wake wasidhurike na tutakayoyaandika. Basi nitakiita K. Kiko nyuma ya Buswelu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kina majabali, pamba, ng'ombe na vumbi. Nitakaa hapa miezi mitatu niandike jinsi watu wa K. wanavyohesabu undugu wao, kisha nirudi chuoni Dar kumalizia mwaka wa tatu. Mama hajaelewa mpaka leo. Asubuhi, akinifungia ndizi za njiani, alisema wenzangu wanasomea sheria na mimi nasomea mababu wa watu.

Nimepanga chumba kwa Getruda, mjane wa miaka arobaini hivi, ambaye pia ni mkalimani wangu. Mimi, Kokushubira binti Kashaija, ni Mhaya wa Mkuyuni. Nimezaliwa Mwanza, nimekulia Mwanza, na bado Kisukuma changu ni cha kununulia nyanya. Getruda alipokisikia alicheka hadi akashika ukuta.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Machibya, ndiye pia mkubwa wa sungusungu, walinzi wa jadi wa hapa. Barua ya chuo ina mistari sita, naye aliishika nusu saa. Akauliza nimeleta mradi gani, kisima au zahanati. Nikamwambia nimeleta maswali. Akawatazama wenzake, wakacheka wote, kisha akagonga muhuri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kubwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimempata mtu wangu!

Anaitwa Bibi Kashindye. Anakaa peke yake kwenye nyumba ya udongo, uani kwa mjukuu wake Mashimba, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake Mashimba alipofariki. Anasema alizaliwa mwaka wa nzige. Nilimkuta akimenya karanga, na kwa saa tatu hakuacha kumenya wala kusema. Ana ukoo mzima kichwani, vizazi vitano. Wengine hapa ukiwauliza babu wa babu wanakuna shingo na kukuelekeza kwa jirani. Yeye anakupa jina, mke, mke wa pili, mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina, ugonjwa, na kama siku ile kulikuwa na jua. Kuhusu mwanawe wa tatu alisema alifariki siku ya mnada, walikuwa wamepika mlenda, na mlenda ule haukulika.

Nilichora palepale kama tulivyofundishwa. Mwanamume ni pembetatu, mwanamke ni duara, mstari wa wima unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na aliyekufa anakatwa kwa mstari wa mshazari. Bibi amezaa wanane. Saba nimewakata. Wa nane yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, hajulikani shimo gani.

Tukirudi, Getruda aliniambia wale waliokufa ningewaacha tu, hawanisaidii kitu. Nikamjibu kwamba sayansi haichagui. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya mwalimu kabisa.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Bibi Kashindye tena, wajukuu safari hii. Ananiita Koku, ananipa karanga, ananikaripia nikiandika polepole. Macho yake ni mekundu kwa moshi, yanatoa machozi muda wote, kwa hiyo huwezi kujua ni wakati gani analia kweli.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mashimba ndiye mtu pekee wa K. ninayezungumza naye bila mkalimani na bila kujiona mgeni. Alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kilipouzwa kwa mtu binafsi, naye akapunguzwa. Barua ya kupunguzwa kazi ameitia fremu na kuitundika sebuleni. Nilidhani ni mzaha. Kumbe anaiheshimu kweli, ina muhuri na jina lake limeandikwa kwa mashine.

Mkewe, Tereza, si msemaji. Binti yao Dorcas ana miaka minne na anasemea nyumba nzima. Leo alikaa mgongoni kwangu akizihesabu nywele zangu, akafika saba, akaanza upya.

Mashimba ameomba nimchoree ukoo wao. Alisema, "Dada Koku, wewe utaondoka nao kwenda Dar. Sisi tunabaki na nini?" Chuoni tumefundishwa kwamba mtafiti asichukue tu kama mwizi. Nitamchorea, tena vizuri.

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku mbili nimepiga magoti sakafuni kwa Getruda juu ya karatasi ya manila. Nimeanza na Bibi nikashuka, majina yote kamili, kwa wino wa bluu. Mistari ya waliokufa kwa wino mwekundu, ili ipendeze. Waliokufa ni thelathini na mmoja. Chuoni, chini ya kila mchoro lazima utaje habari umezipata kwa nani, usipotaja unakatwa maksi. Kule tunaandika kwa Kiingereza. Hii ni ya familia, nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, nyekundu: CHANZO: KASHINDYE.

Mashimba ameitundika karibu na barua yake, akaita majirani waje waone. Bibi, ambaye hajui kusoma, aliuliza yeye ni yupi. Nikamwonyesha duara la juu kabisa. Akaligusa kwa kidole, akacheka. "Mbona niko peke yangu juu?"

Nimerudi nikijiona mtu mwema sana.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Choo cha Getruda kimeanguka.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Pamba ya watu inaoza ardhini kabla haijaota. Njia ya Buswelu imekatika mahali pawili.

Jumatano, 12 Novemba

Redio inasema mvua hizi zinaitwa Elinino. Mzee Machibya ameniuliza, mimi niliyesoma, huyo Elinino ni kabila gani. Tulicheka. Kisha akasema nyumba mbili za bondeni watu wanaharisha, na watu wachemshe maji. Kuni zenyewe zimelowa.

Getruda amenisimulia usiku huu habari za zamani, enzi alipokuwa anakausha sangara kwa moshi na kuwauza hadi Shinyanga. Siku hizi viwanda vya minofu vinachukua samaki wote mwaloni, mitumbwi inapotia nanga tu, wanawake wanaachiwa mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia. Anayakaanga na kuyauza. Namwona akikaa kwenye moshi ule tangu alfajiri. Sikuwahi kuuliza habari za macho yake. Nimeyaangalia leo kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 17 Novemba

Dorcas amefariki.

Niandike kwa mpangilio. Jumamosi alianza kuharisha na kutapika. Bibi Kashindye alimpa maji ya mchele kwa kijiko, kijiko kimoja kimoja, akakaa naye mapajani siku nzima. Jumapili asubuhi macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Mashimba alimfunga kifuani kwa kanga ya Tereza, akapanda baiskeli, na mimi na Getruda tukawafuata kwa miguu. Kwenye kijito hakukuwa na pa kuvukia. Maji yalikuwa yanapita na matawi na kuku mfu. Tulisimama pale, sijui muda gani, watu sita wazima tukiyatazama maji. Mwanamume mmoja alijaribu na kamba, yakamrudisha. Mashimba alimfunika uso mtoto asilowe, na baada ya muda aliacha kumfunika.

Alikuwa na miaka minne. Ningeweza kumwambia baba yake tangu Jumamosi usiku achanganye chumvi na sukari kwenye maji ampe, nilisoma hayo kidato cha pili. Sikuyakumbuka hata mara moja. Nilikuwa chumbani naandika safi daftari la utafiti.

Jumanne, 18 Novemba

Tumezika kwenye mvua. Bibi Kashindye aliimba peke yake, wengine hawakuitikia. Nilidhani ni uchovu.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimekwenda kuwapa pole tena. Mashimba alikuwa amesimama mbele ya manila. Aliniomba kalamu nyekundu. Nikampa, nikidhani ndivyo anavyotaka kuomboleza, nikamheshimu kwa hilo. Alilitafuta duara la Dorcas, akalikata mwenyewe, polepole, mstari ulionyooka kuliko yangu yote.

Kisha akaweka kidole pale na kukipandisha. Kutoka kwa Dorcas kikapita kwake, kutoka kwake kikapanda kwa marehemu mama yake, kutoka kwa mama yake hadi juu kabisa. Akarudi chini, akaanza na mwingine. Kaka yake, juu. Mtoto wake wa kwanza aliyekufa mwaka jana, juu. Mjomba wake, juu. Alifanya hivyo mara nyingi, na kila mara kidole kilisimama palepale. Mwisho akakishusha hadi ukingoni mwa karatasi, akasoma kwa sauti ya mtu wa mizani anayesoma uzito: "Chanzo. Kashindye."

Nilielewa mara moja. Nikasema, siyo, Mashimba, siyo hivyo, chanzo maana yake ni yeye aliyenieleza, chanzo cha habari. Mistari hii ni ya kuzaa. Yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo lazima ipite kwake, ukichora ukoo wangu itapita kwa bibi yangu. Niliyasema yote hayo haraka haraka. Alinisikiliza kwa adabu.

"Dada, mimi nilikuwa nahisi," akasema. "Sikuwa na pa kuonea."

Nikaomba nichukue karatasi nikairekebishe. Akasimama kati yangu na ukuta. Akaniambia nimeshasaidia sana.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua, na watu wanakuja kuitazama. Wanapanga mstari mlangoni kama kwenye kliniki, wanavua viatu wasichafue. Wasiojua kusoma wanasomewa. Nilimwona mwanamke akipandisha kidole kwa niaba ya mtoto wake ambaye hata si wa ukoo huo.

Haya yote wameyafanya kwa kazi yangu. Nilificha jina la kijiji wasilione watu wa Dar ambao hawatakuja hapa maishani mwao, halafu nikaandika majina ya watu, kamili, kwa herufi kubwa, mahali ambapo jirani zao watasoma. Mjinga mimi.

Jumatano, 26 Novemba

Asubuhi Bibi Kashindye alitoka na kigae chake kwenda kuomba moto, maana kuni zake zimelowa na moto wake umezimika. Nilikuwa namwona kutoka kwa Getruda. Alisimama kwenye ua wa kwanza, akasalimia, "Mwangaluka." Hawakuitika. Ua wa pili, hivyohivyo. Wa tatu walifunga mlango. Alipofika kwetu, Getruda alikuwa jikoni na moto unawaka, na hakuinuka.

Nilichukua makaa mimi, nikayaweka kwenye kigae, nikamwitikia salamu. Bibi alinishukuru, akauliza kama Getruda anaumwa.

Alipoondoka nilimgeukia Getruda kwa maneno makali. Nilimwita mwoga. Aliniacha nimalize, akainua uso kutoka kwenye sufuria ya mapanki.

"Dada Koku, hebu yaangalie macho yangu," akasema. "Yana rangi gani?"

Nikayaangalia. Yalikuwa mekundu kama ya bibi, na huku macho hayo yanatosha kumfanya mwanamke aitwe mchawi.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimekwenda Buswelu kwa mtendaji wa kata, maji ya kijito yamepungua, yanafika kiunoni. Nilimweleza kwamba kuna mama mzee yuko hatarini. Akauliza kama amepigwa. Hapana. Ametishiwa kwa maandishi? Hapana. Nani ameanzisha uvumi? Nikamwambia, mimi. Akaweka kalamu chini, akasema mambo ya usalama kijijini yako mikononi mwa sungusungu, na kwamba akienda yeye itaonekana serikali inawatetea wachawi. Akanishauri niandike barua. Nimeandika.

Nimepata pia barua ya mwalimu iliyokaa posta wiki mbili. Anasema taarifa zangu za mwezi wa kwanza ni bora kabisa, na niendelee kumhoji yule bibi.

Jumanne, 2 Desemba

Mkutano ulikuwa saa nne, kwenye uwanja wa shule, mvua ikiwa imetulia. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, Bibi Kashindye katikati kwenye kigoda. Walikuwa wameileta ile manila. Wawili waliishika kila mmoja pembe zake, isiguse matope.

Niliomba kusema, mzee Machibya akaniruhusu. Nilijiandaa tangu juzi. Nilieleza duara na pembetatu. Nilieleza kipindupindu na maji. Nilieleza kwamba neno lile nililiandika mimi na nililiandika vibaya, chanzo si aliyesababisha, chanzo ni aliyesimulia. Getruda alitafsiri kila sentensi, kwa sauti ndogo lakini hakuruka hata moja, na kwa hilo namshukuru. Niliona vichwa kadhaa vya wazee vikitikisika kukubali. Kwa muda kama wa kumeza mate nilidhani nimeshinda.

Mashimba akainuka. Hakuwa na hasira, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala.

"Dada Koku, nakuuliza wewe, maana wewe ndiye uliyeandika. Hawa thelathini na wawili, ukimtoa mwanangu, siku ya kila mmoja na ugonjwa wake, ni bibi aliyekutajia?"

"Ndiyo."

"Na wengine uliwauliza?"

"Niliwauliza."

"Kuna aliyewakumbuka wote?"

Ningeweza kudanganya. Naandika hapa kwa sababu ndipo mahali pangu pa kusema ukweli: ningeweza kusema wapo, mzee fulani, mama fulani. Lakini nilikuwa nimetoka kuwahakikishia kwamba daftari langu halisemi uongo.

"Hakuna," nikasema.

Getruda hakutafsiri. Haikuhitajika, wote walikuwa wamelielewa neno hilo. Mashimba akaketi.

Bibi akaulizwa kama ana la kusema. Akaniuliza mimi, kwa Kiswahili chake, "Koku, kalatasi inasema ni mimi?" Nikamwambia karatasi haisemi hivyo, bibi, karatasi haisemi kitu. Kisha akawaambia watu kwa Kisukuma, na haya nayaandika kama Getruda alivyoninong'oneza: kwamba yeye alimkumbuka kila mmoja kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anamkumbuka, na alidhani ni kazi njema. Kama kukumbuka kwake ndiko kulikowaita wengine kaburini, yeye hajui. Huenda. Msomi amekuja na kalamu na kilichotoka ni hiki.

Walinong'ona wote kwa pamoja. Walichukua ule "huenda" kama kukiri.

Uamuzi ni kutengwa: asipewe moto wala maji, asiitikiwe salamu, na kabla ya Jumamosi awe ametoka K. Nilimfuata mzee Machibya, nikamwambia anajua kabisa huyu mama hana hatia. Hakukana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ndiyo huruma aliyo nayo. "Nikimwacha akae, Jumapili nitamzika," alisema. "Unataka niseme nini, binti yangu? Mpeleke kwenu."

Nilipokuja nilimwona kizee anayeshika barua asiyoielewa. Ameelewa kuliko mimi.

Alhamisi, 4 Desemba

Tumeondoka alfajiri. Bibi alikuwa na mkeka, sufuria na kanga mbili. Mashimba alikuwa amesimama mlangoni kwake. Bibi alisimama pia, akamngoja, huyu aliyemlea kwa uji wa mtama. Mashimba aliingia ndani. Tereza ndiye aliyetoka, akampa bibi karanga kwenye kitambaa bila kumtazama usoni, akarudi haraka.

Getruda alitusindikiza hadi kijitoni. Aliniomba daftari la utafiti nililomwandika yeye. Nilichana kurasa zote zenye jina lake, nikampa. Alizilowanisha kwenye maji mpaka wino ukatoka.

Ijumaa, 5 Desemba

Mkuyuni. Baba, ambaye ni karani mstaafu wa bandari, alimpokea bibi kwa heshima zote, akampa kiti chake. Mama yangu, Paskazia, ametandika kitanda kwenye chumba kidogo karibu na jiko. Nimewaambia ni mama mzee aliyepoteza nyumba kwa mvua. Nyumba ilikuwa imesimama wima tulipoiacha, lakini sikuona nitaanzia wapi.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua. Bibi hakai bure. Amefagia ua, amepanga kuni, amemfundisha mama kupika mlenda wa Kisukuma, na mama, anayeamini chakula ni ndizi, ameula. Mtoto wa dada yangu Sharon, Clavery wa miezi kumi, analala zaidi kwake kuliko kwa mama yake. Nikipita dirishani nawasikia: bibi anamtajia majina.

Jumatatu, 15 Desemba

Mama ameambiwa sokoni. Sijui na nani, Mwanza ni ndogo. Hakunigombeza. Alirudi na dagaa wake, akawaosha, akaniuliza huku akinipa mgongo kama ni kweli bibi alikiri mbele za watu. Nilimweleza yote, tangu manila. Mama ni Mkatoliki wa rozari, akasema mambo hayo ni ushenzi na yeye hayaamini. Kisha akauliza bibi atakaa mpaka lini.

Alhamisi, 18 Desemba

Kitanda cha Clavery kimehamishwa kutoka kwa bibi hadi chumbani kwa mama. Kwa ajili ya baridi, anasema Sharon.

Jumapili, 21 Desemba

Bibi ameuliza kama amekosea kitu. Nimesema hapana, bibi, ni baridi.

Jumanne, 23 Desemba

Clavery ana homa. Ilipanda mchana, watu wengine wakiwa nje ya nyumba. Sharon yuko kazini, mama kanisani, baba amekwenda kwa fundi wa redio. Nilikuwa sebuleni nikiandika sura ya kwanza ya ripoti yangu, ukurasa ninaoeleza jinsi jamii iliyobanwa na umaskini, mazao yaliyoharibika na magonjwa inavyomtafuta mtu wa kumtupia lawama. Aya nzuri. Nilikuwa nimeipenda.

Nikamsikia mtoto analia, kilio kile kikavu. Nikaenda jikoni. Bibi Kashindye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, kijiko mkononi, kikombe cha maji pembeni. Kijiko kimoja kimoja, kama alivyofanya kwa Dorcas. Aliinua macho yake mekundu, akaniambia, "Ana moto sana huyu."

Sikufikiri neno lolote. Nitaapa hivyo mahali popote, sikufikiri. Niliinama nikamtoa mtoto mapajani mwake. Nilimtoa kwa nguvu, kijiko kikaanguka.

Bibi hakuuliza kwa nini. Alifungua mikono akaniachia.

Nilikimbia naye hospitali. Foleni yote nilimkumbatia, na nilijua ninachoogopa si homa.

Jumatano, 24 Desemba

Ni malaria. Walimchoma sindano jana ileile, leo homa imeshuka na amenyonya. Malaria, basi, kama ya watoto wote wa Mkuyuni wakati wa mvua. Muuguzi alicheka nilivyomshukuru.

Nilirudi nyumbani na mtoto moja kwa moja hadi chumba cha karibu na jiko. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka wake, mgongo ukutani. Nilimwambia ni malaria tu, bibi, amepona. Akasema vema, Mungu ni mkubwa. Nilitaka kuomba radhi, na maneno yote niliyosomea miaka mitatu hayakuwa na hata moja la kunifaa. Nikaona kuna kitu kimoja cha kufanya. Nikapiga magoti, nikamnyooshea Clavery, ambaye alikuwa amemtambua na anajirusha kwake, anacheka.

Bibi alimtazama. Akaingiza mikono yote miwili ndani ya kanga, akaikunja humo.

"Mpelekee mama yake," akasema.